Fundo Langu na Jina la Ndayizeye

Wadogo zangu wa ghala la vifaa,

Mliniomba orodha. Uwanja umesawazishwa, miti ya magoli ni mipya, na Jumapili ya kuufungua mnataka majina ya wachezaji wa zamani yasomwe kabla ya mechi, watu waitikie kama tulivyoitikia sisi. Mkasema aulizwe mzee Lubunga, kwa kuwa amekaa na mipira tangu wakati wa Wabelgiji na kichwa chake bado kinafanya kazi. Ahsanteni kwa hiyo habari ya kichwa. Majina tisa nimeyaandika bila shida kwenye karatasi ya mwisho. La kumi ndilo lililonifanya nijaze daftari.

Nilipokabidhi ufunguo mwezi uliopita mlinifanyia sherehe, mkasema mengi mazuri juu yangu. Sikuwakatiza. Kukaa kimya ndiyo kazi niliyoifanya kwa muda mrefu kuliko zote, na leo nataka kustaafu hiyo nayo.

Mmeniona kila Jumamosi nikifumba jicho la kulia na kuusugua mpira juu yake kabla ya kuutoa ghalani. Mmoja wenu ananiita Mzee Busu, na namjua. Mipira ya sasa haina mahali pa kumkwaruza mtu, lakini mimi nilifundishwa kazi kwenye mipira ya zamani, na mkono wa fundi haufundishiki mara mbili.

Nilianza kazi katikati ya ile miaka ya hamsini. Nilikuwa kijana wa Kilibula, nimeoa juzijuzi. Baba alinitaka kwenye nyavu, mke wangu alinitaka nchi kavu, na mnajua ni nani aliyeshinda. Misheni ilikuwa na kibanda cha bati ambamo Fundi Bonifasi, mtu wa Songo, alishona viatu, mikanda, matandiko ya baiskeli na mipira. Padri aliyesimamia michezo alikuwa anasamehe dhambi zote isipokuwa ile ya kupoteza mpira ziwani.

Siku ya kwanza Fundi hakunipa sindano. Aliuchovya mpira ndani ya pipa la maji, akauacha ulowe, akanipa niushike kwa mikono iliyonyooka mpaka mabega yalipoanza kutetemeka.

"Iko nzito?" akaniuliza.

"Iko nzito sana, Fundi."

"Basi ujue uzito yake ku mikono yako, mbele ya muntu kuijua ku kichwa yake."

Mpira wa wakati ule ulikuwa vipande vya ngozi vilivyoshonwa kwa uzi wa nta. Ndani yake kulikuwa na mpira mwembamba wa kujaza upepo kwa pampu ya baiskeli. Ule wa ndani uliingizwa kupitia mpasuko tuliouita mdomo, na mdomo ulifungwa kwa ukanda wa ngozi, kama kiatu kinavyofungwa. Hapo ndipo fundi alipojulikana. Ukanda ulilainishwa kwa mawese, ukapitishwa matundu yote bila kujikunja, na ncha yake haikufungwa fundo kabisa: ilisukumwa chini ya ngozi kwa mpini wa kijiko, ikagongwa kwa rungu la mti mpaka mdomo ukawa sawa na mashavu.

Nilipofunga mpira wangu wa kwanza, Fundi aliutazama kwa muda, akasema, "Funga jicho. Leta uso." Akausugua mdomo wa mpira juu ya kope yangu, huku na huku. "Umesikia kitu?"

"Hapana, Fundi."

"Ile njo mupira, ndiyo mupira kweli. Kama unaogopa kuipitisha ku jicho yako, usiipeleke ku jicho ya muntu mwingine."

Hiyo ilikuwa sheria ya kibanda. Sheria ya uwanja ilikuwa nyingine, na hiyo ndiyo mnayotaka kuirudisha. Kabla ya mechi timu mbili zilipanga mistari, Padri akasoma majina, na kwa kila jina uwanja wote uliitikia "Iko!", yaani yupo. Wenyeji na wageni pamoja. Aliyeitikiwa alipiga hatua moja mbele. Padri alianza jambo hili ili ajue kama wachezaji wametimia, lakini watu walilichukua likawa sheria: jina lisiloitikiwa halichezi. Kwa miaka yangu ya mwanzo sikuona jina likikosa sauti. Hata aliyecheza vibaya kupita kiasi, mama yake angalau alikuwa pale.

Sasa niwaambie juu ya watu wawili. Wa kwanza mnamjua, kwa sababu wazee bado wanamtaja: Kashindi, tuliyemwita Nyundo. Alikuwa mpakuzi wa mizigo bandarini Kalundu, hapa Uvira. Alibeba magunia kichwani siku sita, na siku ya saba alitumia shingo ileile kufunga magoli. Sijaona tena mtu aliyeruka na kungoja hewani namna ile. Kabla ya kila mechi alipita kibandani, akaubonyeza mpira kwa vidole gumba na kunitania kwa jina la fundi mdogo: "Kafundi, umeipa mupira chakula leo?" Nami nilimjibu, "Imeshiba, yaya," maana kwetu kaka mkubwa ndiye yaya.

Wa pili hammjui. Ni Bernard Ndayizeye, mkulima wa pamba na mihogo wa Nyakabere, kipa wa timu ya bonde la Ruzizi. Alikuja na wenzake kwa baiskeli, akanawa miguu ziwani, akafanya ishara ya msalaba, akagusa mti mmoja wa goli na kisha wa pili. Hakupiga kelele kama makipa wengine. Mechi ikiisha, wengine waliupiga mpira popote na kunikimbiza niutafute kwenye matete. Yeye aliuchukua, akavuka uwanja, akaniwekea mikononi.

"Fundi, mupira yako," alisema. Wakati ule hakuna mtu mwingine aliyeniita fundi.

Siku ninayotaka kuwaeleza ilikuwa sikukuu ya parokia, baada ya misa. Fundi Bonifasi alikuwa amelala kwake Songo kwa homa, na kwa mara ya kwanza mpira wa mechi kubwa ulikuwa wangu peke yangu. Asubuhi kabla ya misa nilikuwa nimemsaidia baba kushona nyavu, na kipande cha uzi wa nyavu kilibaki mfukoni. Kipindi cha kwanza mpira uliingia ziwani mara mbili. Ulilowa, ukanda ukavutika, na filimbi ya mapumziko ilipolia ukanda ulikuwa umekatika.

Mikanda ya akiba niliiacha kibandani. Ningeweza kuifuata. Ningechelewa, watu wangenung'unika, Padri angetazama saa yake, na mechi ingeanza kwa kuchelewa kidogo. Hilo tu. Lakini watu walikuwa wamenizunguka wakiimba "Kafundi! Kafundi!" nami nikaona utamu wake. Nikatoa ule uzi wa nyavu, nikapitisha kwenye matundu, nikafunga kwa fundo la kwetu, lile la wavuvi, unalolizungusha mara mbili na kulivuta kwa meno. Fundo hilo likilowa halifunguki mpaka kisu. Ndiyo sifa yake. Lakini halilali. Linabaki limesimama, kiasi cha punje ya karanga. Nililibonyeza kwa kidole, likarudi juu.

Hapa nataka mnielewe vizuri. Sikusahau sheria ya jicho. Niliuinua mpira mpaka karibu na uso, nikaushusha. Niliogopa kwamba nikiupitisha nitasikia kitu.

Nilisimama nyuma ya goli la Ndayizeye, mahali pangu pa kawaida. Mechi ilikuwa karibu kwisha bila goli. Ikapigwa kona kutoka upande wa ziwa. Kashindi akaruka, Ndayizeye akatoka na ngumi zake juu. Nilikuwa karibu kuliko mtu yeyote. Kati ya ngumi ya Ndayizeye na kichwa cha Kashindi palikuwa na nafasi ya kiganja kizima. Kashindi aliufikia mpira kwanza, akaupiga kwa paji la uso, upande wa kushoto, karibu na jicho, na mpira ukapita kati ya miti. Hilo ndilo goli ambalo baba zenu wanalisimulia mpaka leo.

Kashindi hakuinuka. Alikuwa amekaa chini, mkono juu ya jicho, na damu ikipita kati ya vidole.

"Amemupiga!" mtu mmoja akapiga kelele. "Kipa amemupiga ngumi mu jicho!"

Mara uwanja wote ulikuwa unasema hivyo. Watu waliingia ndani. Ndayizeye alisukumwa, akapigwa, shati lake likachanika begani. Padri alipiga filimbi mpaka akakosa pumzi. Katikati ya ghasia ile Ndayizeye aliuokota mpira nyuma ya goli, akaufuta kwa shati lake lililochanika, akaja akaniwekea mikononi.

"Fundi, mupira yako."

Fundo lilikuwa na damu. Niliugeuza mdomo wa mpira ukaelekea tumboni kwangu, nikaushika hivyo mpaka watu walipotawanyika. Kibandani nililikata fundo kwa kisu, nikalitia ndani ya mkebe wa nta. Nililia kwa aibu na woga, na hata kilio kile nilikifanya taratibu ili nisisikike.

Kesho yake nilienda Songo. Fundi Bonifasi alikuwa ameketi mlangoni na blanketi mabegani. Habari za goli alikuwa nazo, na za ngumi. Alinisikiliza bila kunikatiza.

"Ulipitisha ku jicho?"

"Hapana, Fundi."

Akasema, "Muntu moja anapoteza jicho. Mwingine anapoteza jina. Jicho hatuna namna ya kurudisha. Jina iko mu kinywa yako."

"Watanipiga, Fundi. Padri atanifukuza."

"Inawezekana. Lakini minye, mimi Bonifasi, sitasema. Fundo ni yako."

Hakuniuliza tena, mpaka alipokufa miaka kadhaa baadaye. Lakini tangu siku ile kila mpira nilioufunga aliuchukua akaupitisha kwenye jicho lake mwenyewe, nami nimesimama hapo. Hilo liliniuma kuliko kama angenichapa.

Jicho la Kashindi lilififia polepole, likawa jeupe. Alicheza mechi mbili zaidi. Aliruka kama zamani, akangoja hewani kama zamani, na mpira ukapita pembeni ya kichwa chake kwa upana wa kidole. Mara ya nne alipoukosa, wapo waliocheka. Alivua jezi akaikunja vizuri, akaiweka chini, akaenda nyumbani. Upande wa bonde nako mambo hayakuwa mazuri. Wanawake wa Nyakabere walioleta mihogo na maharagwe sokoni walisikia maneno ya "ngumi" kila walipotua vikapu.

Mwaka uliofuata timu ya bonde ilialikwa tena. Padri alidhani hasira zimepoa. Akasoma majina ya wageni, na uwanja ukaitikia, kwa sauti ndogo lakini ukaitikia. Akafika kwa kipa.

"Bernard Ndayizeye."

Kimya. Padri akarudia. Nilisikia mawimbi ya ziwa. Wenzake walikuwa tayari kuitikia, lakini yeye aliinua mkono akawazuia, akawa anatutazama sisi wa upande wa Uvira, mmoja mmoja. Macho yake yalifika kwangu. Nilikuwa na mpira kwapani, umefungwa vizuri, umepita kwenye jicho. Neno lenyewe lina silabi mbili. Sikulisema. Ndayizeye akachukua baiskeli yake iliyokuwa imeegemea mti, akaondoka na njia ya bondeni, na hakucheza tena maishani mwake.

Baada ya miezi kadhaa Kashindi alikuja kibandani. Bandarini walikuwa wamemwondoa, kwa sababu mtu wa jicho moja kwenye ubao wa kupandia meli ni hatari kwake na kwa wenzake. Aliomba nimfundishe kushona. Fundi alikubali, akamkalisha karibu nami. Nikampa sindano na uzi. Akajaribu kupitisha uzi kwenye tundu, akakosa. Akajaribu tena, uzi ukapita mbele ya sindano. Mara ya tatu akacheka kidogo, akanipa.

"Nisaidie, Kafundi. Hii jicho moja haijui karibu na mbali."

Nilipitisha uzi. Nikamrudishia. Kisha nikaufungua mkebe wa nta, nikamwekea fundo juu ya goti, nikamwambia yote: homa ya Fundi, uzi wa baba, nyimbo za watu, na nafasi ya kiganja kizima. Kashindi alikuwa amefumba macho alipougonga mpira siku ile. Alichojua ni kile alichoambiwa na watu.

Hakunipiga. Alilichukua fundo, akalizungusha kati ya vidole. Akafumba jicho lake lililokufa, akalisugua fundo juu yake.

"Iko kadogo," akasema.

Fundi Bonifasi alisimamisha kazi yake, lakini hakuinua uso.

"Na Bernard?" Kashindi akauliza. "Hakunigusa hata kidogo?"

"Hakukugusa, yaya."

"Minye nimewatukana watu ya Nyakabere mbele ya watoto yangu." Akanirudishia fundo, akainuka. "Kesho tunaenda kule. Weye utasema. Minye nitasimama tu pembeni."

Tulimkuta Ndayizeye shambani, anachuma pamba. Alimtazama Kashindi kwanza, akalitazama lile jicho, akavua kofia. Mke wake alitupa vigoda, akaleta pombe ya ndizi, kama desturi ya kule inavyotaka hata kwa mgeni usiyemtaka. Nikasema. Nilipomaliza, Ndayizeye aliinua mkono wake wa kulia, uliokuwa bado na nyuzi nyeupe za pamba, akautazama.

"Nilijua sikumupiga," alisema taratibu. "Siku ya kwanza nilijua. Lakini watu wote wakikuambia umepiga, unaanza kuangalia mukono yako. Unalala, unaiangalia. Watoto wakilia, unaogopa kuwachapa na hii mukono."

Kashindi aliushika mkono ule kwa mikono yake miwili. Mimi sikujua niangalie wapi.

"Ahsante kwa kuja," Ndayizeye akaniambia mwishoni. "Lakini mulinikatalia mbele ya watu, mu uwanja. Maneno yako hapa nyumbani kwangu ni madogo. Nenda uyaseme pale yalipokosekana."

Niliahidi. Mechi iliyofuata nilisimama na mpira wangu, majina yakasomwa, na Kashindi alikuwa upande wa pili wa uwanja akinitazama. Nilitazama chini. Nikasema, ile ijayo. Ile ijayo nikasema hivyohivyo. Kashindi alichoka kungoja, akalisema mwenyewe sokoni, kwa kila aliyetaka kusikia: Bernard hakunipiga. Na mnajua watu walijibuje? Walisema, tazameni moyo wa Nyundo, amesamehe mpaka anamtetea adui yake. Ukweli ukamwongezea sifa Kashindi na haukumfikia Ndayizeye. Ulihitaji kutoka kwa mtu aliyekuwa na fundo.

Kisha mwisho wa miaka ile ukaja na siasa zake, na baadaye na hofu. Mechi kati ya bonde na mwambao zikasimama kwa muda mrefu. Kwa miaka mingi nilijificha nyuma ya hilo: ningesema wapi, wakati hapakuwa na mechi? Lakini mechi zilirudi, mnajua nyinyi mliozicheza. Niliendelea kunyamaza kwa mazoea tu. Kashindi alikufa akiwa fundi mzuri kuliko mimi, maana alijifunza kupitisha uzi kwa ulimi. Ndayizeye alizikwa Nyakabere. Nilienda, nikakaa nyuma kabisa, na hapakuwa na mtu hata mmoja kutoka Uvira isipokuwa mimi.

Mnapohesabu walichotuachia wachezaji wa zamani, mnataja goli la Nyundo. Ni haki yake. Lakini mtazame jambo moja. Makipa wetu, hata hawa wadogo, mechi ikiisha huuchukua mpira wakavuka uwanja na kumwekea mtunza vifaa mikononi. Mnadhani ni adabu ya Uvira tangu mababu. Hapana. Mtu mmoja ndiye aliyeianza, na makipa wa Uvira waliomwona wakiwa bado watoto nje ya mstari wakaichukua, wakawapa wengine, na jina lake wakaliacha njiani.

Kwa hiyo Jumapili nipeni nafasi mstari wa mbele. Nitakuja na fundo. Msomaji akifika jina la kumi asiharakishe, na uwanja ukinyamaza, aache unyamaze. Sitaki mtu aitikie kwa kunihurumia mimi. Nitasema niliyoyaandika hapa, mbele ya watoto wa Nyakabere kama watakuja, kisha nitaitikia mwenyewe, hata kama ni peke yangu.

Liandikeni vizuri, msikosee herufi: Bernard Ndayizeye, kipa, wa Nyakabere. Hakumpiga mtu.